Boliti Iliyobaki

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wote wanaohusika kwamba lori la shangazi yangu lilishushwa giaboksi mara mbili katika wiki moja, na kwamba mara ya pili ilitokana na uchunguzi wa kina wa kitaalamu. Mtaalamu nilikuwa mimi. Uchunguzi wenyewe ulikuwa huu: nilitaka kuona sura ya mtu mzima anapokuta boliti moja imebaki baada ya kazi kwisha.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, mahali ambapo mtu hufundishwa kemia na nidhamu, na hujifundisha mwenyewe namna ya kufunga mlango wa bafu kwa nje kwa kutumia uzi. Nyumbani nilikuta ua wetu umegeuka karakana. Lori la Shangazi lilikuwa chini ya paa la mabati, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na miguu ya Shangazi imechomoza uvunguni, kila mmoja na soksi ya rangi yake.

"Msomi umefika," miguu ilisema. "Nipe spana ya kumi na saba."

Nikampa ya kumi na nne.

"Huko shuleni hesabu haijafika kumi na saba?"

Mambo yalikuwa hivi. Shangazi alikuwa ameendesha malori ya watu miaka kumi na minane kabla ya kupata lake. Klachi ilipoanza kuteleza, injini ikawa inanguruma huku gari likijivuta kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, akaamua kuibadilisha kwa mikono yake mwenyewe. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake na ana duka la madaftari, aliona huo ni wazimu. Alikuwa ameshampata mnunuzi. Wakaafikiana mbele yangu: mnunuzi atakuja Jumamosi alasiri. Lori likiwa halijatembea, litauzwa, na Shangazi atakaa nyuma ya kaunta dukani akiuza penseli.

"Dada, lori si cherehani," Baba alimwambia.

"Na cherehani yenyewe imekushinda. Suruali yako inashikwa na pini."

Jumatano mchana klachi mpya ilikuwa ndani, giaboksi imerudi mahali pake, na kopo la boliti lilikuwa tupu. Shangazi akaenda kunawa. Hapo ndipo sayansi ilipoingia. Nilikuwa na boliti yangu mfukoni. Nikaichovya kwenye oili chafu ili ipate uenyeji, nikaidondosha ndani ya kopo, kisha nikakaa juu ya tairi la akiba nikiwa na uso wa mtu anayesali.

Alirudi akijifuta mikono. Akachungulia kopo.

Nilitarajia ukelele, labda na tusi dogo lenye adabu. Yeye aliinama tu. Aliichukua boliti, akaigeuza mara moja, kisha akaketi sakafuni palepale, taratibu, akitafuta ardhi kwa mkono kabla ya kuifikia.

"Shimo lake liko wapi?" aliniuliza, kana kwamba ningeweza kujua.

"Labda ni ya ziada."

"Gari halina ya ziada, Msomi. Kama ni ya klachi, siku moja niko kwenye mteremko na tani saba mgongoni, sahani yake inapasuka miguuni pangu." Akasimama. "Naishusha tena."

Hapo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, na la kwanza lilikuwa limeshainua mguu. Lakini Shangazi alisema, "Vaa nguo za kazi, uje chini uone," na udadisi ukanikamata ukosi wa shati. Sikuwahi kuona giaboksi ikishushwa. Nikajiahidi kukiri nikishaona.

Kesho yake niliona. Tuliitegemeza kwenye jeki kubwa iliyotandikwa mbao, tukaivuta nyuma kwa nguvu za watu wawili na lawama za mmoja, ikaachia kwa mlio mzito kama wa mtu anayeshuka kitandani. Safari hii Shangazi hakutaka kopo. Alichana boksi la madaftari la Baba, akachora juu yake umbo la giaboksi na la klachi, akatoboa tundu kwa kila boliti. Kila iliyotoka ilisimama kwenye tundu lake.

"Kila boliti inaonyesha ilikokaa," alisema. "Hii?"

"Ina tope na oili."

"Ya nje, upande wa chini. Na hii?"

Ilikuwa na rangi ya kahawia inayoelekea zambarau. Nikakisia moto. Akasema ndiyo, hiyo hukaa jirani na bomba la moshi. Za ndani ya klachi zilikuwa kavu, zimepakwa vumbi jeusi laini lililoingia kwenye kucha na kukataa kutoka. Nilianza kuzitaja kabla hajauliza. Kisha nikaanza kuuliza mimi: kwa nini klachi inateleza, kwa nini sahani ina springi, nani alifikiria kwanza kwamba injini na magurudumu wanahitaji kuachana kidogo ili wapatane.

Mengine alinijibu. Kwa mengine alisema, "Hilo silijui. Shika tochi, tuangalie." Shuleni nimesikia walimu wakisema mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kusema "silijui" kwa furaha namna ile. Saa zilipita bila mimi kumchokoza mtu yeyote. Nilipokumbuka kukiri, ungamo lilikuwa limenenepa, haliwezi tena kupita mlangoni.

Tukahesabu. Klachi ilikuwa na matundu kumi na mawili na boliti kumi na mbili. Giaboksi haikupungukiwa hata moja. Nilidhani atapiga vigelegele. Badala yake alizihesabu upya, na Ijumaa nzima, tulipokuwa tukirudisha kila kitu, aliigeuzageuza ile boliti mkononi.

Jumamosi, saa tisa alasiri, lori lilikuwa zima. Kilichobaki ni kuwasha tu. Shangazi aliketi kwenye ngazi ya mlango wa dereva, ufunguo mkononi, boliti ile kwenye mkono wa pili.

"Mdogo wangu," alimwita Baba, "mtu wako akija, tuzungumze naye."

Baba alisimama mlangoni. Alikuwa ameshinda ubishi, lakini hakuonekana mshindi. "Limekushinda wapi?"

"Halijanishinda. Kuna mahali sipajui. Nimelifungua mara mbili na bado boliti hii haina kwao. Siwezi kupakia mzigo wa watu juu ya kitu nisichokijua."

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililonichoma. Kisha akaichovya ile boliti kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi, akaifuta kwa kitambaa, akaninyooshea.

"Nisomee hii."

Niliipokea. Ilikuwa baridi.

"Haina tope," nilisema.

"Endelea."

"Haijaungua. Haina vumbi la klachi."

"Meno yake?"

"Yana kutu. Kutu kavu. Haijawahi kukaa kwenye oili, ila..." Nikaigeuza. "Ila ilipakwa juujuu tu. Na kuna rangi kwenye meno. Buluu."

"Lori langu lina buluu wapi?"

"Halina."

"Basi imetoka wapi, Msomi?"

Hakuwa akiitazama boliti. Nimesimama mbele ya mwalimu mkuu mara tatu, na mara zote nilikuwa na maelezo yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Safari hii nilianza moja kwa moja na kiini.

"Bweni la tatu," nilisema. "Kitanda cha pili kutoka dirishani, kile cha ghorofa. Niliifungua ili kitanda kiwe kinalia kila kiranja wetu akijigeuza. Nikaja nayo nyumbani. Jumatano ulipokwenda kunawa, nikaitia kwenye kopo. Hukusahau kitu, Shangazi. Hata kimoja."

Baba alikohoa, kikohozi ambacho hakikutokana na ugonjwa.

"Sikusahau kitu," Shangazi alisema. Hakuwa ananiuliza. Aliutazama ufunguo, halafu mikono yake, mmoja baada ya mwingine, pande zote mbili.

Mlango wa ua ukagongwa.

"Huyo kiranja," Shangazi akasema, "analala kitanda cha juu?"

"Cha juu."

"Na chini yake analala nani?"

Mlango ukagongwa tena. Baba hakwenda kufungua. Naye alikuwa akisubiri jibu. Kwa muhula mzima nilikuwa nimefikiria mlio wa kile kitanda tu, sikufikiria kwamba kingeweza kuanguka.

"Mimi, Shangazi," nilisema.