Nyamizi Arudi Kutoka Diski D

Siku ya soko, Pelagia alishuka kwenye bodaboda pale Somanda akiwa amepakata CPU iliyofungwa kwa kitenge, akaingia nayo kwenye kibanda cha fundi Machibya. CPU haikuwa yake. Ilikuwa ya Dastan, mpiga video, ambaye aliona kompyuta ya studio inasuasua, akajifanya fundi, akaipiga window upya mwenyewe na kuifuta diski D pamoja na harusi za watu wa tarafa nzima. Humo ndimo ilimokuwa video ya send-off, sherehe ya kumuaga Nyamizi, binti wa Pelagia, alipokwenda kuolewa, na Nyamizi alikuwa ameshakufa. Mumewe, Josia, alisema ni malaria iliyompanda kichwani. Mama mtu hakutaka makubwa. Alitaka asikie tena sauti ya mwanawe, basi.

Machibya aliuliza kama kuna kitu kimeandikwa kwenye diski tangu ifutwe. Hakuna. Akashukuru, maana wengi huja wakiwa wameshajaza miziki juu ya vitu vyao vilivyopotea, halafu lawama zote kwa fundi. Akamweleza mama kwamba diski ikifutwa vile, kilichobomolewa ni ukuta tu. Vyombo vimo humohumo ndani. Akachomeka diski yake ya nje, akaanzisha programu ya kutafuta, akaenda zake kunywa chai.

Ilipofika adhuhuri programu ikaiona D. Zikaanza kurudi harusi za Maswa, ubatizo, ngoma moja ya mavuno. Kisha Nyamizi akatoka, amevaa gauni lake la send-off, akaketi kwenye benchi kando ya mama yake, akaomba maji. Machibya akampa ya chupa. Pelagia alilia kwa furaha, akamshika mwanawe mikono yote miwili, asimwachie. Mteja aliyekuja kuprinti barua ya kuomba kazi akawaomba wasogee kidogo, naye akaketi.

Nyamizi hakuwa anasikia kwa sikio la kushoto, na shavu la upande huo lilikuwa jeusi. Machibya akaomba radhi. Akasema diski za zamani huwa na sehemu zilizokufa, na hizo hata ufanyeje hazirudi.

"Fundi, hapo huna kosa," Nyamizi akasema. "Hapo ni Josia."

Mteja akainamia simu yake.

Pelagia naye akatoa simu, akampigia mumewe. Hapo ndipo alipojiponza, lakini angefanyaje? Mwenye mji hafichwi jambo la namna hiyo. Mzee Zengo akafika amevaa shati lake la kanisani. Nyamizi akapiga goti, "Mwadila, baba." Zengo akaitikia, akamuuliza kama amekula. Akaelezwa habari ya sikio. Machozi yakamlengalenga, maana alimpenda kweli binti yake. Tangu msiba, Josia alikuwa akitaka arudishiwe ng'ombe wake wa mahari, kwa kuwa mke alikufa bila mtoto.

"Mwanangu, ng'ombe wa Josia ndio alioolea kaka yako Nyanda," Zengo akasema. "Nikitakiwa kuwarudisha, itabidi nikawatoe kwa kina mkewe, Sayi, na Sayi arudi kwao. Amezaa juzi tu. Sasa wewe si upo? Mumeo hana tena cha kudai."

Akasema Nyamizi afikishwe Sola, kwa Josia, kabla jua halijazama.

Pelagia alikataa. Alikataa kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili ili na fundi asikie, kisha akamgeukia fundi huyo, aseme lolote la kitaalamu.

"Mzee, ulichokiokoa hukirudishi palepale kilipopotelea," Machibya akasema. "Ukikirudisha hapo, unakifuta mwenyewe. Na safari hiyo hakipatikani."

Zengo alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema amemwelewa vizuri, kazi ni nzuri, Mungu ambariki. Akatoka nje kutafuta dereva wa bodaboda anayeijua njia ya Sola.

Nyamizi akapanda katikati, baba yake nyuma. Gauni lilikuwa refu, likaning'inia karibu na mnyororo, na dereva akagoma kuondoka hivyo. Pelagia akainama, akalikusanya, akalifunga fundo magotini kwa mwanawe, akalivuta kuona kama limekaza. Lilikuwa limekaza. Akamwambia dereva aende taratibu.