Gari Lililopanda kwa Kisogo

Miaka ile Mwingereza akiwa bado anatawala na kahawa inalipa, Mzee Anaeli wa Umeruni alinunua gari la Kimarekani kwa setla aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa jeusi, refu kama ng'ombe wawili waliofungwa mkia kwa mkia, na halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe humo ndani, mtu asijue nani anafanya kazi hiyo. Dereva wake, Lomayani, kijana wa Kiarusha wa Sambasha, alikuwa amezoea malori. Wiki ya kwanza mguu wake wa kushoto ulihangaika kutafuta pa kukanyaga kama mbuzi aliyepotelewa na zizi.

Gari lilikwenda vizuri msimu mzima, kisha likaanza visa. Ukiingiza gia asubuhi linatulia kwanza, kama shahidi anayetafuta jibu, ndipo linashtuka na kuondoka. Baadaye mlima wa Sambasha ukalishinda kabisa. Injini ilinguruma mpaka ndege wakahama migomba, na magurudumu yamesimama tu. Siku moja Lomayani alikata tamaa, akaligeuza arudi mjini. Alipoweka rivasi ajisogeze kidogo, gari likapanda. Akaliacha. Likapanda kinyumenyume mpaka juu, bila kulalamika.

Tangu hapo likawa linapanda hivyo. Mzee Anaeli alikaa kiti cha nyuma na kofia yake, akiwaamkia watu baada ya kuwapita. Wapo wanaoapa kwamba lilipitiliza siku moja hadi msituni, likakutana na nyati njiani, na nyati alipoona mnyama mkubwa namna ile anamjia kwa makalio, bila hata kujali kumtazama, akapisha.

Yote hayo yangekuwa mchezo kama Lomayani asingekuwa na harusi. Mchumba wake, Nanyori, alilelewa Olasiti na bibi yake, Simaloi, ambaye kila mtu alimwita Koko. Alikuwapo pia mposaji mwingine, mtu wa Oldonyo Sambu mwenye ng'ombe wasiohesabika, na Lomayani alipoona mizani inaelekea huko alitupia gari: Nanyori atapelekwa kanisani mlimani kwa motokaa. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Lakini neno likishatoka limetoka, na ng'ombe wa yule mwingine wakarudi zizini.

Habari za nyati zilipofika Olasiti, Koko alimwita Lomayani.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Nasikia gari lako linapanda kwa kisogo."

Lomayani akakiri, akaongeza kwamba kupanda ni kupanda.

"Bibi harusi akitoka kwao hatazami nyuma," Koko akasema. "Akitazama anageuka jiwe. Wewe unataka umkalishe mjukuu wangu kitini, umgeuzie uso nyumbani, alitazame boma letu njia nzima. Unaoa mke, baba, au unafungua machimbo?"

Lomayani akasema Nanyori anaweza kufumba macho.

"Siku ya harusi yake afumbe macho kwa ajili ya gari lako?" Koko hakupandisha sauti. "Jumamosi lije, na lipande likitazama linakokwenda. Likishindwa, wa Oldonyo Sambu atakuja kwa miguu. Miguu yake inajua mbele ni wapi."

Lomayani akaenda moja kwa moja kwa fundi Elimringi, nyuma ya soko. Elimringi alikuwa fundi mzuri ambaye ulimi wake ulimaliza kazi kabla ya mikono. Kitu cha kwanza alichouliza ni oili ya giaboksi. Lomayani aliapa kwamba anapima kila alfajiri kabla hata ya kunawa uso, na kila alfajiri imejaa mpaka kwenye alama. Kwa hiyo Elimringi akaiacha oili, akahangaika na kabureta, akahangaika na nyaya, na mwisho akatoa hukumu: sahani za ndani ya giaboksi zimekwisha, ishushwe yote. Kazi hiyo haiwezi kuisha Jumamosi, wala Jumamosi ile nyingine.

Lomayani akamwomba aje yeye mwenyewe amweleze Mzee Anaeli, maana habari ya namna hiyo haibebwi na mfanyakazi. Ijumaa asubuhi Elimringi akafika shambani. Gari lilikuwa limelala mahali pake kando ya kahawa, pua bondeni, mkia mlimani. Lomayani, kwa mazoea, akafunua boneti, akavuta ile stiki ya kupimia na kumwonyesha. Imejaa.

Elimringi alilitazama gari kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama stiki.

"Unapimia hapa siku zote?"

"Ndipo linapolala."

"Pua imeelekea chini."

"Fundi, nani mlimani analaza gari pua juu? Betri ikichoka utaliwashaje bila kuliteremsha?"

"Hayo ni ya malori yenye klachi. Na injini imezimwa."

"Nani anapima oili injini inanguruma?"

Elimringi akakaa kwenye bampa, akacheka mpaka Mzee Anaeli akatoka nje kuuliza kama kuna msiba. Kisha akasema kwamba wajinga pale ni wawili, mmoja anayepima vibaya, na mwingine aliyeuamini mdomo wa mtu badala ya kushika stiki mwenyewe.

Akawaeleza. Giaboksi ile ni kama kibuyu kilicholazwa. Maziwa yakiwa kidogo, ukikiinamisha mbele yote yanakusanyika mdomoni, nawe unadhani kimejaa. Stiki iko mbele, na mdomo wa pampu inayoinyonya oili uko hukohuko mbele. Gari likipanda kwa pua, oili inakimbilia nyuma, pampu inameza upepo, gia hazina nguvu ya kushika. Likipanda kwa kisogo, oili inarudi mdomoni. Na injini ikizimwa, oili iliyokuwa inazunguka huko juu inashuka na kuongeza uongo.

Wakaliteremsha hadi uwanja ulio sawa karibu na stesheni ya reli. Elimringi akaacha injini iwake mpaka ikapata moto, akakanyaga breki, akaupitisha mkono wa gia kila mahali na kuurudisha. Injini ikiendelea kuwaka, akavuta stiki, akaifuta kwa kitambaa, akaichomeka na kuivuta tena. Ilikuwa imelowa nchani tu, na kilicholowesha kilikuwa povu lenye harufu ya kuungua kidogo.

Akatia oili nyekundu kwa faneli, kidogo kidogo, akipima kila mara. Mzee Anaeli alitaka amimine yote wamalize. Elimringi akakataa, akasema ikizidi nayo inatoka povu, na povu halipandi mlima.

"Mbona ilipungua?" Lomayani akauliza.

"Giaboksi hainywi. Ikipungua, imevuja."

Akaingia uvunguni. Boliti za bakuli la chini zilikuwa zimelegea na gasketi imelowa, akazikaza zote. Huko shambani majani chini ya gari yalikuwa yamekufa zamani, na kuku waliokuwa wakidonoa pale inasemekana walianza kutembea kinyumenyume, ingawa kwa hilo mashahidi ni wachache.

Jumamosi gari liliingia Olasiti, pua mbele. Koko akalizunguka taratibu, akachungulia ndani, akanyoosha kidole.

"Na hiki?"

"Kioo, Koko. Cha kutazamia nyuma."

Koko akamwangalia kama mtu anayemhurumia. Akavua mgolole wake wa begani, akakifunika kioo na kufunga mafundo mawili. Ndipo akamruhusu Nanyori apande.

Chini ya mlima wa Sambasha Mzee Anaeli, aliyekaa kiti cha nyuma na bibi harusi, akaomba ateremke, gari lipate wepesi wa kuanza. Likishika, watamsubiri hatua chache mbele. Lomayani akakanyaga mafuta. Injini ikavuta pumzi, na yeye akaishikilia ya kwake. Gari likashika, likapanda, migomba ikaanza kupita upande unaotakiwa. Alifurahi kiasi kwamba habari ya kusubiri ilimtoka kichwani.

Huko nyuma kulikuwa na sauti, na sauti ilikuwa inazidi kukasirika.

"Kuna mtu anaita," Nanyori akasema.

"Nani?"

"Nitajuaje?" akajibu, macho mbele, na gari likaendelea kupanda.