Wachezaji wa Daktari Njiru

Njiru alipokuwa kocha wa basketiboli katika chuo kimoja Meru, vijana walimletea makombe. Kisha akaandika tasnifu juu yao, akawa Daktari, akahamia Embu kufundisha chuo kikuu. Majina yao aliyaficha, eti ndivyo utafiti unavyotaka, akawapa nambari kama ng'ombe wa mnada.

Siku ya kumzika Thuranira, aliyeharibu goti akimchezea, mjane wake Kiende alimnyooshea Daktari nakala iliyochakaa ya tasnifu hiyo mbele ya waombolezaji.

"Mwalimu, marehemu alijitafuta humu mpaka akafa. Hebu tuonyeshe, yeye ni yupi?"

Daktari akafunua kurasa. Lile goti hakuliandika. Nambari nazo alizisahau zamani.

"Huyu hapa," akasema, akaweka kidole popote.

Kiende akakunja pembe ya ukurasa ule, akamshukuru.