Kamba za Mwashi

Miaka hiyo, ukivunjika mfupa na daraja limezama, daktari wako ni yeyote aliye karibu. Aliyekuwa karibu na fundi cherehani siku ile alikuwa mumewe, mwashi.

Fundi cherehani aliteleza kwenye ngazi za uani akiwahi kuanua nguo za wateja. Mwashi alikuwa ndani, maana mvua haijengi nyumba. Alisikia kishindo, kisha kimya, na kimya ndicho kilichomtoa mbio. Alimkuta mkewe amekaa matopeni, ameupakata mkono wa kulia kama mtoto mchanga. Chini ya kiwiko ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Baba watoto, usiniguse kwanza," alisema.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Mwashi alipasua sanduku la misumari, akapata mbao mbili nyembamba, akazifunika kwa vitambaa vilivyobaki kwenye kikapu cha ushonaji. Dada yake mwashi, aliyekuwa akiishi nao, alimshika wifi yake mabega, naye mwashi akakivuta kiganja mpaka mkono ukanyooka. Mkewe alizimia. Hapo machozi yakamtoka mwashi, lakini mikono yake haikusita. Alifunga kwa namna aliyoijua, namna ya kufunga majukwaa ya ujenzi, ambako kamba ikilegea mtu hufa. Mtaani walizoea kumtania kwamba mbuzi akifungwa na yeye, kitakachong'oka ni kigingi.

"Umekaza mno, kaka," dada yake alisema.

"Mfupa ukicheza hauungi. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Kesho yake vidole vilivimba, vikawa vinawaka moto. Kila mara mwashi alikuja kuzigonga zile mbao kwa ukucha, kama anayekagua ukuta wake, uso umemlegea kwa faraja.

"Unajisikiaje, mke wangu?"

"Afadhali."

Alipotoka, dada yake alisogea na mkasi. "Wifi, nilegeze kidogo. Hatajua."

"Atajua. Mwache, amehangaika sana."

Baadaye moto ule ulizimika, ikabaki ganzi. Fundi cherehani akadhani ndiyo nafuu yenyewe, akalala usingizi mzuri. Mvua ilipokatika walivuka kwa kushikana mikono, maji yakiwafika kiunoni.

Mganga wa zahanati alikata kamba. Vidole vilikuwa na rangi ya mkaa. Alivichoma kwa sindano kimoja kimoja. Fundi cherehani alikuwa akitazama dirishani, wala hakugeuka.

"Nani aliufunga?"

"Mimi," mwashi alisema.

"Mfupa umekaa vizuri." Mganga aliikunja ile kamba polepole. "Umekaa vizuri sana. Ila damu ilikosa njia."

Mkono haukukatwa. Uliunga, ukanyooka kama rula, na mwishoni mwake vidole vikajikunja, vikakauka hivyo hivyo. Fundi cherehani aliweza kuning'iniza kikapu, lakini sindano hakuweza kuishika. Wateja walikuja kumpa pole, wakaondoka na vitambaa vyao. Cherehani ilifunikwa shuka. Hakumlaumu mumewe hata siku moja, na mwashi alitamani amlaumu. Akimwona anahangaika na kifungo cha blauzi yake, alitoka nje.

Msimu mwingine wa mvua, jirani yao mwuza mkaa aliangukiwa na gogo, mguu ukavunjika. Mkewe akaja kubisha hodi.

"Shemeji, tusaidie. Wewe unajua kufunga."

Mwashi alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Mimi sijui. Tafuteni mtu mwingine."

"Mwingine nani, shemeji?"

Fundi cherehani ndiye aliyejitanda khanga, akachukua shuka lililofunika cherehani, akatoka na yule mama. Kazi yenyewe ilifanywa na mikono ya wengine. Yeye alielekeza tu, na kila fundo lilipofungwa alipenyeza kidole cha mkono wa kushoto chini yake. Kisipopita, alisema, "Fungueni. Anzeni tena."

Aliporudi alimkuta mumewe amekaa palepale alipomwacha.

"Anaendeleaje?"

"Analia."

"Na vidole vya mguu?"

"Vina joto."

Mwashi aliitikia kwa kichwa. Kisha akainuka kwenda kukinga maji ya mvua, ingawa mapipa yalikuwa yamekwisha kujaa.