Kitanda Kisichotandikwa

Kwa Mama Shemasi, Sabato haikuwa jambo la mchezo. Ijumaa, kabla jua halijazama, viazi vilishapikwa, viatu vilishang'arishwa, nguo za kanisani zilishapigwa pasi na jiko lilishamwagiwa maji. Kuanzia hapo mpaka jua la Jumamosi lizame, hakuna aliyegusa kazi nyumbani mwake. Hata vitanda havikutandikwa. Kutandika ni kazi, alisema, na asiyekubali akamuulize Muumba. Wenzake kanisani walimcheka chinichini kwamba angejua lugha ya kuku angewakataza kutaga. Alijua wanamcheka, wala hakujali.

Sasa mwanamke wa namna hiyo, hebu niambie, atalalaje akihisi kwamba kuna mtu anafua nguo siku ya Sabato, tena uani kwake?

Mtu mwenyewe alikuwa mkamwana wake. Mwanawe alikuwa fundi wa mitambo mji wa mbali, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu, na mkewe alibaki na mama mkwe. Binti huyo alikulia kwa watu wa Jumapili, akabatizwa upya kwa ajili ya ndoa. Hilo peke yake lilitosha kumweka Mama Shemasi macho. Mtu hutoka kwa watu wa Jumapili siku moja, lakini Jumapili yenyewe humtoka lini?

Kisha binti akaanza kuumwa kichwa. Kilikuwa kichwa cha ajabu, maana Jumatatu hakiumi, Alhamisi hakiumi, kinauma Sabato asubuhi tu wakati wa kwenda kanisani. Tangulia mama, nikipata nafuu nitakuja. Nafuu yenyewe haikuja. Mama Shemasi akirudi anakuta ardhi chini ya kamba ya kuanikia imelowa. Sabuni aliyoipima kwa kidole siku ya Ijumaa anaikuta imelainika na kupungua. Na vidole vya binti, alipokuwa akimpokea kitabu cha nyimbo, vilikuwa vimenywea kama vya mtu aliyeshinda majini. Alipoulizwa, binti alisema alimwaga ndoo kwa bahati mbaya. Ndoo gani hiyo, inayojimwaga kila wiki?

Kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba kambani hakukuwa na nguo. Zingekuwa za binti mwenyewe, angengoja afue Jumapili. Kwa hiyo zilikuwa za mtu, na mtu huyo alikuja kuzichukua. Mama Shemasi hakuhitaji kufikiri sana kumjua ni mtu wa aina gani. Ni mwanamume. Mwanangu anahangaika na grisi huko, alijisemea, huku mkewe anafulia mwanamume mwingine, tena siku ya Bwana!

Kutoka hapo kila kitu kikawa ushahidi. Binti akicheka simuni, kuna jambo. Akinyamaza, kuna jambo kubwa zaidi. Hata chai ya usiku ilipunguzwa. Zamani alipewa kikombe kikajaa, siku hizi nusu, na binti akisema eti chai nyingi usiku si nzuri kwake. Ananinyima chai ndani ya nyumba yangu, alilalamika Mama Shemasi, na moyo ukazidi kuwa mchungu. Tena mambo hayo yalimkuta akiwa hana afya. Dawa mpya za presha zilimlaza usingizi wa gogo na kumtoa jasho la usiku, mpaka alfajiri anaamka gauni limemganda mwilini. Alibadilisha nguo gizani, akaliacha blanketi lilipoangukia, akaondoka mapema kwenda kufungua milango ya kanisa.

Mwishowe alimwendea mzee wa kanisa, mtu mpole asiyependa ugomvi. Mzee alimsikiliza, akasema labda binti ana sababu. Mama Shemasi akamjibu kwamba sababu ya dhambi ni dhambi. Mzee akashusha pumzi, akamkumbusha kuwa neno la mtu mmoja halisimami. Lakini likithibitika, binti angetengwa na ushirika wa kanisa, na mumewe angeitwa aambiwe. Mama Shemasi alijua mwanawe ni mtu wa hasira, na kwamba ndoa ile isingepona. Alijua, na bado akasema sawa. Wakapatana kwamba Sabato inayofuata yeye atatoka ibadani mapema, na mzee atamfuata pamoja na mama mweka hazina, wakashuhudie kwa macho.

Siku yenyewe, mahubiri yalikuwa juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, kama inafaa kumtoa au la. Mama Shemasi aliguna. Siku hizi kila mtu ana ng'ombe kisimani, alijisemea, akachukua mkoba wake akatoka. Siku za mwizi ni arobaini.

Aliingia kwa njia ya nyuma, viatu mkononi, akajibanza nyuma ya pipa la maji. Binti alikuwa ameinama kwenye beseni, amempa mgongo, anafikicha haraka haraka huku akitupia jua jicho. Mwanamume hakuwepo. Shati halikuwepo wala suruali. Kulikuwa na shuka moja tu.

"Leo nimekushika," alisema Mama Shemasi akijitokeza.

Binti hakukimbia. Alilizamisha shuka majini kwa mikono yote miwili.

"La nani hilo?"

"La kwangu, mama. Nimekosa. Waambie kanisani kwamba nimekosa."

Lo! Mtu akikiri upesi hivyo, ujue kuna kikubwa anakificha. Mama Shemasi alishika pindo la shuka akalivuta. Yakatoka maua ya bluu, na katikati ya maua, alama ya kahawia ya ncha ya pasi. Alama hiyo aliijua. Aliliunguza shuka mwenyewe, Ijumaa moja, akiimba na kwaya ya redioni.

"Hili ni shuka langu."

Mama Shemasi akaingia chumbani kwake mbio. Kitanda kilikuwa vilevile alivyokiacha alfajiri, blanketi nusu sakafuni, mto umelala upande, shuka limekunjamana, lina maua yale yale ya bluu. Kidogo apumue. Kisha akaanza kuitafuta alama ya pasi. Akaitafuta kichwani, akaitafuta miguuni, akalikung'uta shuka zima. Haikuwepo. Shuka lilinukia jua na sabuni. Mtu alinunua la pili linalofanana na la kwanza, akalitandika vizuri, halafu akakaa akalivuruga kwa uangalifu, akaulaza mto upande kama yeye anavyoulaza, ili mwenye kitanda asijue kwamba kimeguswa.

Alipeleka mkono chini ya shuka. Godoro lilikuwa limepanguswa, lakini bado bichi. Aliuleta mkono puani.

Halikuwa jasho.

Aliketi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, mtu mzima na heshima zake. Jioni, kama kila Sabato, kanisa zima lingejaa sebuleni humo kwa ibada ya kufunga Sabato, pazia tu likiwatenganisha na kitanda hiki. Akaikumbuka na ile nusu kikombe ya chai.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Shemasi bila kumtazama.

"Tangu wakubadilishie dawa, mama."

"Kila siku?"

"Siku nyingi. Siku nyingine huwa nafua pamoja na nguo zote. Ni Sabato tu ndiyo inaonekana."

Hodi ikapigwa uani. Ilikuwa sauti ya mzee wa kanisa. Binti alitazama nje, akamtazama mama mkwe wake, akaelewa yote bila kuambiwa. Machozi yalimlenga, lakini akasema kwa sauti ya chini: "Waambie ni langu. Mimi walishanizoea, ni mtu wa Jumapili."

Nisimpambe mtu. Mama Shemasi alitamani. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, jepesi kabisa, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Nyani haoni kundule, lakini leo alikuwa ameonyeshwa, na aliyemwonyesha ndiye aliyekuwa tayari kumfichia.

Alitoka uani. Mzee na mama mweka hazina walikuwa wamesimama kando ya beseni, Biblia kwapani, hawajui watazame wapi. Mama Shemasi alikunja mikono ya gauni lake jeupe, akainama, akalitoa shuka majini.

"Shuka ni langu," alisema. "Nakojoa kitandani. Huyu alikuwa ananisitiri, mimi nikamletea mashahidi."

Mama mweka hazina alishika mdomo. Mzee alianza kusema neno juu ya ng'ombe na kisima, akaliacha njiani.

Mama Shemasi hakumngoja. Alimgeukia binti, ambaye siku zote alimwita "wewe", akamnyooshea pindo moja la shuka.

"Shika huko, mwanangu, tulikamue. Ni zito hili, mtu mmoja haliwezi."

Wakalisokota, huyu kulia, yule kushoto. Maji yakawamwagikia miguuni, na jua bado lilikuwa juu.