Siku Mzee Aliposema

Mama alikuwa amekata shauri, na aliyelijua ni binti yake tu: likizo ikiisha, mumewe atapanda ndege peke yake. Yeye atabaki huku ugenini kwa binti huyo, alee wajukuu. Tangu wastaafu pamoja kazi ya kiwanda cha nguo, miaka miwili sasa, yule mzee alikuwa amemeza ulimi. Ukimsemesha, anaguna. Ukimwuliza chai au uji, anaitikia ndiyo. Mama aliamini amechokwa, na ilimuuma.

Zikiwa zimebaki siku mbili, binti akawapeleka kuona maporomoko ya maji ambayo watu huvuka nchi kuja kuyapiga picha. Na wana haki. Mto mzima ulijitupa bondeni kama uliofukuzwa, ardhi ikitetemeka hadi magotini, manyunyu yakipanda kuipita miti. Binti alijaribu kuwaeleza habari za maporomoko hayo. Midomo ikacheza, sauti ikaliwa. Watalii wote wakawa mabubu wa kuoneshana vidole.

Mzee peke yake ndiye aliyechangamka. Akamgeukia mkewe, akachezesha midomo taratibu bila sauti, vile walivyozungumza miaka thelathini kati ya mitambo ya kufumia, mahali ambapo masikio hayakuwa na kazi.

"Umelowa. Jifunike."

Mama akamkazia macho. Akajibu vilevile, kwa midomo: "Kumbe unajua kusema?"

"Masikio yamekufa, mke wangu. Mitambo imeyala. Niliona haya kukuambia."

"Na midomo yangu je, hukuiona miaka yote miwili?"

"Nyumbani unanisemesha umenipa mgongo. Mara uko jikoni, mara kabatini. Kiwandani ulikuwa unanitazama."

Aibu ikamshika mama, na huruma, na mapenzi ya zamani, vyote kwa mpigo. Wakasimama pale wakipiga soga hadi nguo zikachuruzika, wakimteta mtalii mmoja mwenye kofia pana mbele ya macho yake.

Garini binti akauliza kama aibadilishe tiketi ya mama leo hii. Mama akageuka kumtazama mumewe kiti cha nyuma, akitafuta pa kuanzia.

Mzee akamwahi. "Najua ulitaka kubaki. Nilikuona ukimnong'oneza binti, siku ile tulipofika. Midomo yako siwezi kuacha kuisoma."

Mama akamwambia binti asibadilishe kitu, ila asimamishe gari kidogo. Akashuka, akahamia nyuma.