Kanzu ya Pamba ya Uthiru

Tuseme ukweli: pamba ya Naeem ilizaa. Katika shamba la majaribio kule Uthiru, alikokuwa akijaribu kuzalisha mbegu yenye mavuno mengi na nyuzi ndefu kwa pamoja, kila mche ulielemewa na vitumba. Angenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini kijana alikuwa amemposa Safa, na babake, Maalim Mabruki, hakuwa amejibu. Kila wakikutana dukani kwa mzee, mjini, mzee aliikejeli pamba yake, "Maua yako hayajambo?" Naeem alichoka kuchekwa. Akaamua kumvisha mzee kanzu ya pamba yake mwenyewe.

"Yield iko sawa, shida ni uzi," Milcah, mtafiti mwenzake, akamwonya. "Ni fupi na inakatika ovyo. Ngoja msimu ingine, usituaibishe bana."

Hakungoja. Kina mama wafumaji wa Kabiria walilalamika kwamba uzi unawakatikia mikononi; akawabembeleza, wakamaliza hivyo hivyo. Fundi akashona. Maalim alifurahi kama mtoto siku ya Idi, na Ijumaa akaivaa msikitini huku akimwonyesha kila aliyepita: "Pamba hii kailima mwanangu Naeem." Mwanangu! Kichwa cha Naeem kikavimba.

Walisali bega kwa bega. Waliposujudu, kanzu ikachanika kuanzia shingoni hadi kiunoni, na fulana ya Maalim, yenye matobo, ikabaki wazi mbele ya safu zote za nyuma. Kijana mmoja akacheka, akajitia kukohoa. Uso wa Naeem uliwaka. Alimwonea haya mzee, akaionea haya pamba, lakini zaidi alijionea haya mwenyewe. Imamu alipotoa salamu tu, Naeem alichomoka, akanyakua viatu, akajibanza nje kwenye kona ya duka la jirani.

Kutoka hapo alimwona Maalim akitoka, kajifunika koti la mtu. Watu wakamuuliza kulikoni.

"Nilinasa kwenye msumari nyumbani, sikujua," akajibu Maalim, yeye anayewakataza wanafunzi wake uongo hata wa mzaha.

Naeem akashindwa kuvumilia, akamwendea. "Maalim, nisamehe. Nyuzi zilikuwa mbovu, na nilijua."

"Nguo huchanika," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mimi niligeuka nikutafute unipe koti lako, nikakuta pako patupu. Hili kanipa mtu nisiyemjua hata jina."

Naeem alitazama koti lake. Alikuwa bado amelivaa, vifungo vyote vimefungwa.

"Siku Safa akifikwa na aibu mbele za watu, utakuwa wapi?" Maalim akauliza.

Mzee akamtakia heri, akaenda zake dukani kwake.